Tunamkemea Bibi, Tunainyamazia Redio

  

Ndugu zetu katika imani, makala hii tunaiandika kwa uzito wa moyo, kwa kuwa lawama iliyomo humu inaanzia kwetu sisi tunaofundisha, kabla haijamfika mwingine.

Katika msimu wa mvua uliopita tulipanda basi dogo kutoka Mpwapwa kuja Dodoma mjini. Tulikuwa tumetoka kwenye darsa, na pamoja nasi alikuwamo kijana mmoja, mwanafunzi wetu wa zamani, amevaa kanzu na kofia yake safi. Kiti cha nyuma alikaa bibi mmoja wa Kigogo, mtu mzima sana, kikapu chake kati ya miguu. Tulipokwisha kuipita Kongwa, bibi yule akaanza kuimba. Hakusimama, hakupiga makofi, wala hakumwomba mtu senti. Aliimba kwa Kigogo, kwa sauti ya chini iliyokuwa ikipanda kidogo kidogo, mithili ya mtu aliyesahau kwamba hayuko nyumbani kwake. Abiria aliyekaa ubavuni pake alitueleza baadaye kwamba bibi alikuwa anatoka kumtazama mjukuu aliyezaliwa usiku uliotangulia, na kwamba maneno ya wimbo hayakuzidi jina la mtoto, na mvua, na kushukuru.

Tazameni sasa watu walivyompokea. Wa kwanza walicheka na kukonyezana. Wa pili alitoa simu yake akaanza kumpiga picha za video bila ya kumwomba ruhusa, ili akawachekeshe wenziwe. Wa tatu, kondakta, alinyoosha mkono akaongeza sauti ya redio, na humo mlikuwa na wimbo ambao maneno yake hatuwezi kuyaandika katika jarida linalosomwa msikitini. Wa nne alikuwa ni kijana wetu. Aliinuka, akamgeukia bibi, akamwambia mbele ya watu wote: "Bibi, acha. Hiyo ni sauti ya shetani."

Bibi alinyamaza. Kisha akakinyoosha kidole kwenye kipaza sauti kilichokuwa juu ya kichwa cha dereva, akauliza kwa upole: "Mwanangu, na ile je?"

Hakupata jibu. Kijana alikaa, redio ikaendelea, na bibi hakufungua tena kinywa chake mpaka aliposhuka Chamwino. Nasi, tunaoandika maneno haya, tulikuwamo ndani ya basi lile tangu mwanzo hadi mwisho, na tulinyamaza.

Tulichofundisha na tulichokificha

Tulipofika mjini tulimwita kijana pembeni, tukamuuliza ni lipi lililomsukuma. Akatujibu kwa adabu, wala hakukusudia kutuumiza: "Ustadh, si ni nyinyi mlionifundisha? Mlitusomea Surat Luqman, mkatuambia maneno ya upuuzi yaliyotajwa mle ni uimbaji. Mimi nimekataza munkari niliouona."

Amesema kweli. Tulimfundisha aya ya sita ya Surat Luqman, na tukamwambia kwamba Ibn Mas'ud (r.a.) aliapa kuwa makusudio yake ni nyimbo. Hilo ni sahihi na hatulirudi. Lakini hatukumsimamisha mbele ya aya yenyewe ili aone kwamba aliyelaumiwa mle ni mtu anayeyanunua maneno ya upuuzi kwa lengo la kuwapoteza watu na njia ya Allah na kuifanyia mzaha. Hatukumuuliza: Je, bibi anayemwimbia mjukuu wake anampoteza nani, na na njia gani? Na zaidi ya hapo, katika sura hiyo hiyo, aya ya kumi na tisa, Luqman anamuusia mwanawe apunguze sauti yake, na anazitaja sauti zilizo mbaya kuliko zote kuwa ni za punda. Kijana wetu aliihifadhi aya ya sita na hakuhisi kwamba ya kumi na tisa inamhusu yeye alipopaza sauti juu ya mtu mzima aliye sawa na bibi yake mzaa mama.

Elimu ya nusu ni hatari, na anayeitoa nusu anabeba mzigo mzito kuliko anayeipokea. Tunawaambia walimu wenzetu wa madrasa za Dodoma, Kondoa, Mpwapwa, Bahi na Manyoni: tuzihesabu dhambi zetu kabla ya kuzihesabu za abiria.

Mtume (s.a.w.) alipowasikia waimbaji

Ndugu zetu, suala la mtu kuinua sauti yake njiani na wapita njia kumsikia si geni. Lilitokea mbele ya Mtume (s.a.w.) mara nyingi, na vitabu vya Hadith vimehifadhi jinsi alivyolipokea. Hebu tuzitazame baadhi ya hali hizo.

Katika vita vya Khandaq, mwaka wa 5 Hijria, Swahaba walikuwa wakichimba handaki asubuhi ya baridi, nao wana njaa. Walikuwa wakiimba mashairi ya rajaz, na Mtume (s.a.w.) alikuwa akiitikia pamoja nao huku amebeba mchanga. Imo katika Sahihi Bukhari.

Katika safari ya Khaybar, mwaka wa 7, Amir bin al-Akwa' (r.a.) alishuka akawaswaga ngamia kwa kuwaimbia usiku. Mtume (s.a.w.) aliuliza ni nani huyo, na alipotajiwa jina alimwombea rehema ya Allah. Bukhari na Muslim wameipokea. Zingatieni vizuri: alisikia sauti gizani, akauliza mwenye sauti ni nani, na neno lililofuatia lilikuwa ni dua.

Kisa cha Anjasha nacho kinajulikana. Alikuwa na sauti nzuri, akawaswaga ngamia waliobeba wanawake kwa wimbo, ngamia wakaongeza mwendo. Mtume (s.a.w.) hakumwambia anyamaze. Alimtaka aende polepole kwa ajili ya wale aliowafananisha na vyombo vya kioo.

Anas (r.a.) amepokea, na Ibn Majah ameiandika, kwamba Mtume (s.a.w.) alipita sehemu ya Madina akawakuta wasichana wa Banu Najjar wakipiga dufu na kuimba furaha yao ya kuwa majirani zake. Aliwajibu kwamba Allah anajua kuwa yeye anawapenda.

Na kisa kilicho muhimu kuliko vyote kwa maudhui yetu ni cha Rubayyi' bint Mu'awwidh (r.a.), nacho kimo katika Bukhari. Siku ya harusi yake wasichana walikuwa wakipiga dufu na kuwaimba wazee wao waliouawa Badr. Mmoja wao akatia neno baya, tena baya kwelikweli, kwani alisema kwamba miongoni mwao yupo Mtume anayeyajua ya kesho. Hilo ni neno linalogusa Tawhidi, kwa sababu ghaibu haijui ila Allah. Je, Mtume (s.a.w.) aliufukuza mkusanyiko? Aliwaita mashetani? Alimwambia binti yule aliache neno hilo na aendelee na yale aliyokuwa akiyasema kabla yake.

Alilisahihisha neno, akauacha wimbo na akamwacha mwimbaji na heshima yake. Sisi leo tunamvunja mwimbaji, na lile neno baya, linalotoka redioni kila siku, tunaliacha liendelee.

Tuna tamko moja zaidi. Baada ya Hunayn, mwaka wa 8, vijana wa Makka walikuwa njiani wakamsikia muadhini wa Mtume (s.a.w.), wakaanza kumwigiza kwa kejeli. Mtume (s.a.w.) akawaita, akauliza ni ya nani ile sauti iliyokuwa ikipaa juu ya nyingine. Wakamwonyesha Abu Mahdhura. Kijana huyo alikuwa amefanya kosa kubwa kuliko la bibi wa Kigogo mara nyingi: aliikejeli adhana. Mtume (s.a.w.) alimfundisha adhana neno kwa neno, akampa mfuko wenye fedha, akampapasa na kumwombea baraka. Akawa muadhini wa Makka. Lau angekutana na kijana wetu badala ya Mtume wetu, Makka ingempoteza muadhini.

Ibn Umar na filimbi ya mchungaji

Huenda mtu akatuletea Hadith aliyoipokea Abu Dawud, ambayo daraja yake wanazuoni wamehitilafiana, kwamba Ibn Umar (r.a.) alisikia filimbi ya mchungaji, akatia vidole masikioni na kuiacha njia ile, huku akimuuliza Nafi' kama bado anaisikia, na akaeleza kwamba alimwona Mtume (s.a.w.) akifanya vivyo hivyo.

Tunamwambia: karibu, hii ndiyo hoja yetu. Filimbi ni ala, na wengi katika wanazuoni wa madhehebu manne wamezikataza ala za muziki, nasi tunafuata rai yao. Lakini Ibn Umar alifanya nini? Aliyaziba masikio yake mwenyewe. Hakumkimbilia mchungaji akaivunja filimbi yake, hakumtukana mbele ya mbuzi wake, wala hakumwamrisha Nafi' naye ajizibe. Uchamungu wake ulimgharimu yeye, haukumgharimu mpita njia. Uchamungu wetu wa leo, kwa bahati mbaya, gharama zake hulipwa na watu wengine.

Watatuambia

Watatuambia: "Mnafungua mlango. Leo bibi, kesho baa." Tunajibu: mlango huu hatukuufungua sisi. Sauti ya mtu isiyo na ala, yenye maneno safi, wanazuoni wameieleza tangu zamani. Ibn Qudama, aliye miongoni mwa wakubwa wa madhehebu ya Hanbali, ameandika katika al-Mughni kwamba uimbaji wa kuswaga ngamia ni halali. Mwenye kukihalalisha cha haramu amekosa, na mwenye kukiharamisha cha halali naye amekosa. Wote wawili wamemsemea Allah jambo ambalo hakulisema.

Watatuambia: "Sauti ya mwanamke ni uchi." Tunajibu: katika rai yenye nguvu, sauti ya mwanamke yenyewe si uchi, kilichokatazwa ni kuilegeza kwa namna ya kumtamanisha mwenye maradhi ya moyo. Wala hatusemi kwamba mabinti zetu wapande majukwaani. Tunamzungumzia bibi kizee, na vikongwe wasiotarajia tena kuolewa Qur'an imewapa nafasi yao katika Surat an-Nur, aya ya 60. Kama ndani ya basi yupo aliyefitinika na sauti ya bibi yule, basi ajitazame yeye, na daktari wake si bibi.

Watatuambia: "Kuamrisha mema na kukataza mabaya ni wajibu." Ni wajibu, wallahi, na Umma hauna uhai bila ya wajibu huo. Lakini wanazuoni wameuwekea sharti tatu: elimu kabla ya kuingia, upole wakati wa kutenda, na subira baada yake. Kijana wetu hakuwa na ya kwanza, kwani hakujua Kigogo wala hakujua bibi anaimba nini. Hakuwa na ya pili, kwani alipaza sauti. Na ya tatu hakuihitaji, kwani alimchagua asiyeweza kumjibu.

Hapo ndipo ulipo ugonjwa, ndugu zetu. Kondakta ana mabavu, na dereva anaweza kukuteremsha porini. Bibi hana lolote. Tumelifanya jambo la kukataza mabaya kuwa ni kumtafuta mnyonge wa safari. Huo si ujasiri wa dini. Huo ni woga uliovaa kanzu.

Ugogo tulioukuta

Na tuikumbuke nchi tunayoishi. Ugogo ulikuwa katika njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, na Mpwapwa ilikuwa ni mojawapo ya vituo vyake. Wapagazi waliobeba mizigo vichwani kwa mamia ya maili walikwenda wakiimba na kuitikiana, kama Waarabu walivyowaimbia ngamia wao. Katika njia hiyo hiyo Uislamu ulifika bara, kwa miguu, pamoja na watu walioimba ili safari iwaishe. Anayedhani kwamba wimbo wa safarini ni mgeni katika historia yetu hajawasoma babu zake.

Wagogo nao ni watu wa sauti. Kuna nindo, kuna muheme ya wanawake wenye ngoma zao, kuna zeze na marimba. Hukwe Zawose, Mgogo aliyezaliwa katika nchi hii ya kati na kufariki Desemba 2003, alifundisha katika Chuo cha Sanaa cha Bagamoyo, na watu wa Ulaya walilipa viingilio kumsikiliza. Hatulitaji hilo ili tuzisifu ala zake, kwani msimamo wetu juu ya ala tumekwisha kuueleza. Tunalitaja kwa sababu sauti ambayo watu wa mbali walikaa kimya kuisikiliza, sisi majirani zake tunaicheka stendi.

Ni kweli pia kwamba baadhi ya nyimbo za hapa zimefungamana na matambiko ya mvua, mizimu na mambo ya jandoni ambayo Muislamu hawezi kushiriki. Hayo tunayakataa bila ya kigugumizi. Lakini kukataa kunahitaji kujua. Ni wangapi kati yetu walimu tunaojua Kigogo kiasi cha kutofautisha tambiko na bembelezi ya mtoto?

Wamisionari wa Kianglikana walifika Mpwapwa katika miaka ya 1870. Leo tuni za Kigogo zinaimbwa makanisani mwao. Sisi ibada yetu haiongezwi wala haipunguzwi, na hatuna haja ya kuingiza tuni msikitini. Ila jambo moja tujifunze: walikaa wakawasikiliza watu mpaka wakajua wanaimba nini. Sisi tunataka kumlingania mtu ambaye hatujamsikiliza hata kwa dakika tano za safari.

Mtume (s.a.w.) alipomtuma Mu'adh (r.a.) Yemen, alimfundisha kwamba jambo la kwanza la kuwaitia watu ni shahada, kisha swala, kisha zaka. Bibi yule, kwa tulivyofahamu, hakuwa Muislamu. Pengine kijana wetu alikuwa ni Muislamu wa kwanza kumsemesha juu ya dini. Na neno la kwanza alilolisikia kutoka kwetu halikuwa Allah, wala Mtume, wala Akhera. Lilikuwa ni shetani, tena siku aliyopata mjukuu. Siku ya Kiyama tutaulizwa juu ya neno lile, kijana aliyelitamka na walimu walionyamaza.

Na redio je?

Swali la bibi bado halijajibiwa, na ni fatwa kamili. Redio ile ina ala, ina matusi, ina kuisifia zinaa, na inalazimishwa masikioni mwa watoto na wazee waliolipa nauli yao. Masharti yote ya munkari yametimia. Mbona hatuinuki? Dodoma imekuwa jiji tangu Aprili 2018, na treni ya umeme kutoka Dar es Salaam imeanza kutufikia mwaka 2024. Wageni wanaongezeka kila siku, na kelele zinaongezeka pamoja nao. Tumezizoea kelele za kununuliwa, tukawa hatuzisikii. Sauti ya mtu mmoja asiyelipwa ndiyo inayotushtua.

Hata harusi zetu zinatushuhudia. Muislamu anamkataza mkewe kumwimbia mtoto, kisha anakodi mitambo ya muziki kwa fedha nyingi, majirani wasilale, na imamu wa mtaa amekaa meza ya mbele akila pilau. Huyo imamu hatumtaji, kwa kuwa tuko wengi.

Tufanye nini?

Kwanza, walimu tufundishe mlango huu kwa ukamilifu wake: yaliyokatazwa, yaliyoruhusiwa na yaliyohitilafiwa. Anayehifadhi makatazo ahifadhi pia kisa cha Rubayyi' na kisa cha Abu Mahdhura.

Pili, tukimsikia mtu akiimba njiani, tusikilize kwanza. Kama maneno ni safi, tumwache na furaha yake, na anayetaka azibe masikio yake kama alivyofanya Ibn Umar. Kama mna neno baya, tulisahihishe neno kwa siri na upole.

Tatu, tusimcheke wala tusimpige picha za kumdhihaki. Surat al-Hujurat, aya ya 11, imewakataza watu kuwadharau watu wengine, kwani huenda wanaodharauliwa wakawa bora kuliko wao.

Nne, ujasiri wetu tuupeleke panapostahiki. Abiria watano wakimwomba dereva kwa adabu apunguze redio, mara nyingi atapunguza. Tumelijaribu hilo baada ya safari ile, na tumeona faida yake.

Ama bibi wa Chamwino, kijana wetu alirudi kumtafuta mara mbili ili amwombe radhi. Hatukuwa na jina lake wala la kitongoji chake, na hajampata. Sisi tunakiri mbele ya wasomaji wetu kwamba tulimkosea kwa kunyamaza, na tunamwomba Allah (s.w.) amkuze mjukuu wake katika afya, amfungulie bibi kifua chake kwa Uislamu, na amletee mlinganiaji aliye bora kuliko sisi.